Nasaba za Programu za Muziki

Katika muhula uliopita alinijia mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili akaniuliza jambo ambalo mwalimu wa Kiswahili hatazamii kuulizwa. Alikuwa na kompyuta mpakato kuukuu, maikrofoni moja ya kuazima, na bibi mzaa mama aishiye Pangani, ambaye anajua nyimbo za harusi zisizojulikana tena kwa mtu mwingine katika ukoo wao. Alitaka kuzirekodi nyimbo hizo, na baada ya kuzirekodi azifanyie muziki wa kuzisindikiza, ngoma na udi, ili wadogo zake wapende kuzisikiliza. "Mwalimu," alisema, "programu za kutengenezea muziki ni nyingi mno, na kila niliyemwuliza amenisifia ile anayoitumia mwenyewe. Mimi ndiyo kwanza ninaanza. Nianze na ipi?"

Sikumjibu papo hapo. Si kwamba nilikosa jina la kumtajia. Majina yako tele. Lakini mimi niliwahi kuchagua programu kwa kusikia sifa zake tu, na kwa uchaguzi ule nikapoteza kitu ambacho hakitarudi. Habari hiyo nitaisimulia mahali pake. Nilimwomba anipe majuma mawili nifikiri, na haya yafuatayo ndiyo niliyoyafikiri. Nimeyaweka katika taratibu ya historia kwa kuwa sijui vema njia nyingine ya kufikiri.

Kauli yangu ni hii. Programu ya muziki si kisanduku kitupu kinachopokea kila kitiwacho ndani yake. Kila programu imezaliwa na chombo kilichokuwapo kabla yake: nyingine na mashine ya utepe, nyingine na kinanda, nyingine na mashine ya ngoma, nyingine na jukwaa la dansi. Tabia za mzazi hubaki kwa mtoto hata pale mzazi mwenyewe alipokwisha kutupwa jaani. Fundi mzoefu huzitambua tabia hizo akazitumia au akazikwepa. Anayeanza huzidhania kuwa ndizo sheria za muziki. Kwa hiyo anayetaka kuchagua vema, kabla ya kuuliza bei, na aulize nasaba.

Ili tuone ukubwa wa mambo yaliyobadilika, yafaa tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1928 Siti binti Saad, ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu, alisafiri kutoka Unguja mpaka Bombay pamoja na wenzake ili sauti yake itiwe katika santuri za kampuni ya His Master's Voice. Bahari nzima ilivukwa kwa ajili ya chombo kilichokuwa upande wa pili. Baada ya uhuru safari ilifupika: bendi nyingi za dansi za Tanzania zilirekodi katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, mbele ya mafundi wa redio, na tepe zikabaki redioni. Katika miaka ya 1990 zikatokea studio za watu binafsi mjini Dar es Salaam, kama MJ Records na Bongo Records, na kijana mwenye mashairi yake alisubiri zamu mlangoni mwa prodyuza. Katika nyakati zote hizo mwimbaji hakuchagua chombo. Chombo kilikuwa kimekwisha kuchaguliwa na mwenye nacho. Swali la mwanafunzi wangu, yaani aanze na ipi, lisingeweza kuulizwa na Siti. Ni swali geni, na labda ndiyo sababu tunalijibu vibaya.

Babu wa programu zote hizi ni kazi ya mhandisi wa Kimarekani, Max Mathews. Mwaka 1957, akiwa katika maabara za Bell huko New Jersey, aliandika programu aliyoiita MUSIC. Kompyuta iliyoiendesha, IBM 704, haikuwa maabarani kwake. Ilikuwa mjini New York. Namba zilizotoka katika kompyuta zilitiwa katika utepe wa sumaku, utepe ukarudishwa New Jersey, na huko mashine nyingine ikazigeuza namba kuwa sauti. Kipande cha kwanza, kilichotungwa na Newman Guttman, kilidumu sekunde 17. Msomaji na apime: safari ya kwenda mji mwingine na kurudi kwa ajili ya sekunde 17. Uzao wa moja kwa moja wa kazi ile ungaliko. Csound, iliyoandikwa na Barry Vercoe katika chuo cha MIT mwaka 1986, hupatikana bure hata leo, na mwenye kuitumia huandika maneno na namba kama aandikaye barua. Ni programu ya heshima, lakini aliyekwenda kumrekodi bibi yake haianzi nayo, na mimi naipita.

Nasaba iliyo karibu zaidi na haja ya mwanafunzi wangu ni ile ya utepe. Vijana wawili wa California, Peter Gotcher na Evan Brooks, walianza katika miaka ya 1980 kwa kuuza chipu za sauti za ngoma, kisha wakatengeneza programu ya kuhariri sauti katika kompyuta, na mwaka 1991 wakatoa Pro Tools. Ilikuwa na njia nne tu za sauti, na bei yake ilikaribia dola 6,000 za Marekani. Wanunuzi wake walikuwa mafundi wa studio waliozoea mashine ya utepe na meza ya kuchanganyia sauti, kwa hiyo programu ilichorwa kwa sura ya vitu hivyo. Duara jekundu la kurekodi, pembetatu ya kuchezesha, mraba wa kusimamisha, vitelezi vilivyosimama wima mmoja kando ya mwingine: kijana wa leo ambaye hajauona utepe kwa macho yake huzibonyeza alama hizo kila siku. Katika nasaba hii zimo nyingine zisizohitaji utajiri. Audacity, iliyoanzishwa na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg katika chuo kikuu cha Carnegie Mellon na kutolewa mwaka 2000, ni ya bure. Reaper ya Justin Frankel, iliyofikia toleo la kwanza kamili mwaka 2006, hujaribiwa kwa siku 60, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60; nayo huendeshwa hata na kompyuta dhaifu.

Tabia ya watoto wa utepe ni upokezi. Utepe hauulizi umeimba wimbo wa mapigo mangapi. Humpokea mwimbaji kama alivyo, na pumzi yake, na kikohozi chake, na jogoo wa jirani. Wakati kwake ni dakika na sekunde, kama ulivyo katika saa ya ukutani. Upungufu wake ni kwamba hatakutungia chochote. Ukimletea kimya atahifadhi kimya, na wapo wanaoanza ambao hukaa mbele ya ukurasa huo mweupe wakakata tamaa.

Nasaba ya kinanda ina habari ndefu zaidi, na hapa naomba subira ya msomaji, kwani ndipo penye jambo linalowagusa watu wa pwani kuliko wengine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vinanda vya umeme vya kampuni mbalimbali havikuweza kusemezana. Kila kiwanda kilikuwa na lugha yake. Dave Smith wa Sequential Circuits, California, na Ikutaro Kakehashi wa Roland, Japani, waliongoza mapatano ya kuwa na lugha moja. Mwezi wa Januari 1983, katika maonyesho ya biashara ya vyombo vya muziki huko Marekani, kinanda cha kampuni moja kiliunganishwa kwa waya na kinanda cha kampuni nyingine, kikabonyezwa hiki kikalia kile. Lugha hiyo ndiyo MIDI. Haibebi sauti, bali amri: kitufe fulani kimebonyezwa, kwa nguvu kiasi fulani, sasa kimeachwa. Kila kitufe kimepewa namba kuanzia 0 mpaka 127. Sauti ya C iliyo katikati ya kinanda ni namba 60, ya kitufe cheusi kinachoifuata ni 61, ya D ni 62, ya kitufe cheusi kingine ni 63, na ya E ni 64.

Sasa mchukue mpiga udi wa Unguja anayepiga taarabu ya kale katika maqamu ya bayati, yaani ngazi ya sauti iliyotoka kwa Waarabu. Akianzia D, sauti ya pili ya ngazi yake haipo katika 63, wala haipo katika 64. Ipo kati yake. Udi hauna vizuizi shingoni, kwa hiyo kidole huiendea sauti ile bila taabu; ganuni ina vijiti vidogo vya kuinua na kushusha nyuzi ili kuipata; fidla huiteleza. Lakini kati ya 63 na 64 hapana namba. Sauti ambayo mzee huyo ameisikia tangu utotoni, na ambayo bila hiyo bayati si bayati, katika mapatano ya mwaka 1983 haikupewa jina.

Nimewasikia watu wakiliita jambo hili njama. Sioni njama. Watengeneza vinanda waliandika lugha ya vinanda, na kinanda chenyewe kilikwisha kuziacha sauti hizo karne nyingi kabla ya kompyuta. Tena njia za kando zilikuwapo tangu mwanzo: ipo amri ya kuipinda sauti, yenye hatua 16,384, lakini huzipinda kwa pamoja sauti zote zilizo katika mkondo mmoja, kama mtu anayeegemeza meza nzima ili kusogeza kikombe. Mwaka 1992 kikaongezwa kiwango cha kubadili ngazi za sauti, ambacho vyombo vichache vilikifuata. Mwaka 2018 kiwango kingine, MPE, kikaiwezesha kila sauti kupindwa peke yake. Mwaka 2021 Khyam Allami, mwanamuziki wa asili ya Iraq, pamoja na studio iitwayo Counterpoint, walitoa programu mbili zinazofanya kazi ndani ya kivinjari cha intaneti, Leimma na Apotome, kwa ajili hasa ya ngazi za sauti zisizo za kinanda. Na mwaka 2024 toleo la 12 la Ableton Live likaingiza mifumo ya ngazi za sauti ndani ya programu yenyewe. Ilipita miaka 41 tangu mapatano ya kwanza. Ninalolitaja kwa uchungu ni kwamba katika miaka hiyo yote mwanafunzi aliyeanza na programu ya nasaba ya kinanda, akaupigia wimbo wa taarabu, alisikia kwamba bibi yake anaimba sivyo. Programu haikumwambia, "Mimi sina sauti hiyo." Ilinyamaza tu, na yeye akamdhania bibi.

Programu zenyewe za nasaba hii zilikuzwa na kompyuta ndogo ya Atari ST, iliyotolewa mwaka 1985 ikiwa na matundu yake ya MIDI. Kampuni ya Steinberg ya Hamburg ilitoa Cubase mwaka 1989 kwa ajili ya kompyuta hiyo, na sura yake, vipande vya wimbo vilivyolala kutoka kushoto kwenda kulia, njia moja juu ya nyingine, imeigwa na karibu kila programu iliyofuata. Wajerumani wengine walitengeneza Notator, ambayo baadaye ikawa Logic ya kampuni ya Emagic. Mwaka 2002 kampuni ya Apple iliinunua Emagic, na Logic ya kompyuta za Windows ikakomeshwa. Hakukuwa na ubaya wa kisheria katika tendo hilo. Lakini mtu aliyekuwa na Windows na miaka kadhaa ya nyimbo zake ndani ya Logic aliamka asubuhi moja akiwa kama mpangaji ambaye nyumba imeuzwa angali ndani. Mwaka 2017 mambo yaliyofanana na hayo yaliwapata watumiaji wa Cakewalk, programu iliyoanza mwaka 1987: wamiliki wake, Gibson, walitangaza kuachana nayo. Mwaka uliofuata kampuni ya BandLab iliichukua ikaigawa bure, na wengi wakashukuru, ila hawakuwa wameambiwa mapema kwamba mwokozi angekuja.

Kwa sababu hiyo naona haifai kumwambia anayeanza kwamba achague programu ya maisha. Hakuna. Achague ya kazi iliyo mbele yake, na kila wimbo ukiisha, azitoe njia zake zote moja moja kuwa faili za WAV, ambazo tangu mwaka 1991 zimefunguliwa na programu za kila ukoo, kisha azihifadhi mahali pawili. Kazi hiyo huchukua robo saa na haina raha yoyote.

Nasaba ya mashine ya ngoma ndiyo iliyotamalaki Uswahilini, na sisi wa vyuoni tumechelewa kuisemea. Mwishoni mwa mwaka 1997 kampuni ya Ubelgiji, Image-Line, ilitoa programu iliyoandikwa na Didier Dambrin, ikaitwa FruityLoops. Jina hilo la kitoto lilibadilishwa mwaka 2003 kuwa FL Studio, ijapokuwa vijana wengi bado huiita Fruity. Uso wake wa kwanza ulikuwa safu za visanduku 16: ukibonyeza kisanduku, ngoma hulia katika nafasi hiyo, usipobonyeza, hunyamaza. Mzazi wake ni mashine za ngoma za miaka ya 1980, mathalan TR-808 ya Roland iliyotoka mwaka 1980 ikiwa na vitufe 16 mstarini. Mtoto wa darasa la saba asiyejua kusoma noti hata moja huelewa mara moja. Ndiyo siri ya kupendwa kwake. Siri nyingine ni kwamba iliendeshwa na kompyuta za Windows za bei nafuu, tena mnunuzi wa leseni hupata matoleo yote yajayo bila kulipa tena. Na siri ya tatu, ambayo haina budi kusemwa, ni kwamba nakala zisizolipiwa zilitembea mitaani katika flashi kama pilipili za kupeana jirani kwa jirani.

Muziki wa singeli wa Dar es Salaam umekua katika mazingira hayo. Kabla yake mchiriku ulijengwa juu ya vinanda vidogo vya Casio, ambavyo vilinunuliwa kama vitu vya kuchezea watoto, vikapazwa kwa spika zilizopasuka. Singeli ilichukua vipande vifupi vya taarabu na vya ngoma, ikavirudiarudia na kuviharakisha mpaka kupita mapigo 200 kwa dakika, mara nyingine kukaribia 300, na katika kazi hiyo FL Studio na programu ya madijei iitwayo Virtual DJ zilitumika kwa namna ambayo waliozitengeneza hawakuiota. Mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilikusanya kazi za studio ya Sisso katika santuri iliyoitwa Sounds of Sisso, na wasikilizaji wa Ulaya wakauliza vifaa gani vya ajabu vimetumika. Nakiri kwamba nilipousikia muziki huo mara ya kwanza niliuona ni fujo. Sasa naona kwamba watoto wale waliujua ulemavu wa chombo chao kuliko mimi nilivyoujua wangu, wakaugeuza kuwa mwendo wa kucheza.

Ulemavu wenyewe ni upi? Kumi na sita hugawanyika kwa mbili, kwa nne na kwa nane; kwa tatu haigawanyiki. Na ngoma nyingi za pwani hutembea kwa tatu dhidi ya mbili, mkono mmoja ukihesabu hivi na mwingine vile. Anayeanza akijaza visanduku 16 kama alivyovikuta, ngoma ya bibi yake itatoka imenyooka kama gwaride. Akijua, atavifanya 12, na tatizo litakwisha kwa dakika moja. Lakini nani atamjulisha? Si programu. Ni jirani ambaye aliwahi kukwama mahali hapo hapo. Hoja hii, ya kuwa na jirani, naiona kuwa nzito kuliko zote za ufundi: programu ya wastani inayojulikana na watu watano mtaani kwako ni bora kuliko iliyo bora ambayo hujui wa kumwuliza. Hata kabla ya hapo ni vema kuuliza mambo madogo. Toleo la majaribio la FL Studio, kwa mfano, huihifadhi kazi yako lakini halikubali kuifungua tena. Asiyejua hilo hufanya kazi usiku kucha, na asubuhi akalia.

Nasaba ya jukwaa nitaisema kwa ufupi. Gerhard Behles na Robert Henke wa Berlin walikuwa wanamuziki wa klabu kabla ya kuwa waundaji wa programu. Kampuni yao, Ableton, ilianzishwa mwaka 1999, na Live ikatoka mwaka 2001. Mwanamuziki aliye jukwaani hawezi kusimamisha dansi ili apange vipande vyake. Kwa hiyo programu za jamii hii, ambazo sasa ni nyingi, zina ustadi mmoja mkuu: hunyosha na kubana kila sauti ipatane na mwendo wa wimbo unaochezwa, papo kwa papo. Kwa kazi ya jukwaa ni ustadi wa kustaajabisha.

Hapa ndipo mahali pa habari yangu. Mwaka 2015 nilikwenda Tanga nikamrekodi shangazi yangu, kwa simu ya mkononi, akighani utenzi aliofundishwa na mama yake. Niliandika katika daftari kwamba ulidumu dakika 11 na sekunde 40. Nyuma ya sauti yake palikuwa na mvumo wa feni ulionikera, nami nilitaka kuuondoa. Wakati ule palikuwa na programu moja iliyosifiwa na kila kijana. Sitaitaja, kwani kosa halikuwa lake. Niliitia sauti ndani. Programu ikafanya ilichozaliwa kukifanya: ikatafuta mapigo. Programu nyingi za leo, zikifunguliwa zikiwa tupu, huwa zimekwisha kukata shauri kwamba wimbo utakaokuja ni wa mapigo manne manne, kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika. Utenzi una mizani nane katika kila kipande, una vina, na una pumzi ya anayeghani. Mapigo ya ngoma hauna. Programu ilikisia. Ikabana hapa, ikanyosha pale, mpaka kila kipande kikakaa juu ya mstari wake. Sikuliona hilo kwa sababu sikujua kwamba lipo la kuonwa. Mvumo wa feni ulipungua, sauti ikawa safi, nikaihifadhi. Na kwa kuwa simu ilikuwa imejaa, nikafuta niliyoirekodi.

Shangazi alifariki mwaka 2019. Siku ya arobaini tulikaa ukumbini, nikawafungulia jamaa sauti ile. Binti yake mkubwa alisikiliza beti tatu nne, akaniangalia. "Kaka," aliniambia, "mama hakuwa akighani hivi. Alikuwa akisita." Nami nikakumbuka. Kabla ya kipande cha nne cha ubeti, kile kinachobeba kina cha utenzi mzima, shangazi alikuwa na desturi ya kunyamaza kidogo, ili wasikilizaji wakitafute kina wenyewe kabla hajakitamka. Katika kusita huko ndimo alimokuwamo yeye, mzaha wake na ualimu wake. Programu ilikuona kuwa ni kuchelewa, ikakusahihisha. Niliporudi nyumbani nilipima: dakika 10 na sekunde 5. Nimejaribu kuirefusha irudi katika urefu wake wa kwanza, lakini hairudi, kwa kuwa haikupunguzwa kwa kadiri moja. Kila pahala pamepunguzwa kivyake, na kumbukumbu ya mapunguzo hayo haipo.

Baada ya majuma mawili mwanafunzi wangu alirudi. Nilimsimulia habari ya shangazi kwanza, kisha habari ya nasaba. Nilimwambia kwamba haja yake ni mbili, si moja, na kwamba hapana sharti lolote la haja mbili kutimizwa na programu moja. Kwa kumrekodi bibi, achukue mtoto wa utepe. Reaper au Audacity, iliyo nyepesi kwa kompyuta yake. Azime mlio wa kuhesabu mapigo. Na asifute kitu, hata kilichoharibika. Kuhusu udi nilimsihi asiupige kwa kinanda kabisa, bali atafute mpiga udi aketi mbele ya maikrofoni, kwani vidole vya mtu vinajua njia ya kati ya 63 na 64. Kuhusu ngoma alinikatiza. Alisema ana binamu Tandale ambaye anatengeneza biti kwa Fruity, naye yuko tayari kumfundisha kila Jumamosi. Nilimwuliza kama binamu huyo anajua kubadili visanduku vikawa 12. Hakujua, ila alisema atamwuliza.

Alikwenda Pangani wakati wa likizo. Alichagua Reaper. Aliporudi aliniletea wimbo wa kwanza katika flashi, bila ngoma na bila udi, sauti ya bibi peke yake, na nyuma yake mawimbi na mtu anayekuna nazi. Katikati bibi anasimama kimya muda mrefu, nikadhani amesahau, kisha anaendelea. Mwanafunzi aliniambia kwamba walipomsikilizisha, bibi alisikiliza mpaka mwisho, akasema ameruka ubeti wa mama wa bwana harusi, na wakaurekodi tena.